Unakwenda kwa Nani?

Mazinde ni mji mdogo ulioketi chini ya ukuta wa milima ya Usambara, kando ya barabara kuu itokayo Korogwe na Mombo kwenda Same na Moshi. Mbele yake ni nyika na mashamba ya mkonge. Nyuma yake ni majabali. Mtu asimamaye juu ya jabali la Irente, karibu na Lushoto, huiona Mazinde chini ya miguu yake mfano wa punje zilizomwagika juu ya mkeka, na magari ya barabarani mfano wa siafu. Watu hutoka nchi za mbali ili wasimame mahali pale kwa saa moja, kisha hurudi makwao wakihesabu kuwa gharama yao haikupotea.

Lakini mtu wa nchi hii hii akishuka Mombo na mfuko mmoja begani, akatafuta gari la kupanda Lushoto, huulizwa swali moja kabla ya kuulizwa nauli: "Unakwenda kwa nani?" Akijibu kuwa anakwenda kwa mjomba wake, swali limekwisha. Akijibu kuwa anakwenda mazikoni, hupewa pole na mahali pa kukaa. Akijibu kuwa anakwenda kununua viazi, huelezwa bei. Lakini akijibu kuwa haendi kwa mtu, bali amepata likizo yake na anakwenda kupumzika peke yake, gari zima hunyamaza. Mmoja humtazama usoni kutafuta dalili ya ugonjwa. Mwingine huutazama mfuko wake kutafuta dalili ya wizi. Na wa tatu, ikiwa msafiri ni mwanamke, hutafuta dalili ya mwanamume.

Swali lile ni zuri kwa asili yake. Lilizaliwa na ukarimu, maana amwulizaye mgeni anakwenda kwa nani hutaka kumwonyesha njia. Lakini kitu kizuri kikitumiwa mahali si pake hugeuka. Swali lililokuwa mlango limekuwa kufuli: haliulizi tena mgeni asaidiwe vipi, bali huuliza ana ruhusa ya nani. Insha hii yalenga kufuli hilo.

Mashitaka yaletwayo juu ya mtu aendaye likizo peke yake ni manne. Husemwa kwanza kuwa ni mgonjwa wa moyo, kwa kuwa mtu mzima wa akili hawakimbii watu. Husemwa pili kuwa ni mchoyo, kwa kuwa fedha anayoila peke yake ingetosha kuwafaa jamaa. Husemwa tatu kuwa hana haya, na shitaka hili huwekewa wanawake zaidi. Husemwa nne kuwa anajiponza, kwa kuwa njia ina hatari. Kila moja lastahili jibu lake, na jibu la haki huanza kwa kutazama mashitaka yalikotoka.

Hofu ya kutembea peke yake haikutoka hewani. Katika karne ya kumi na tisa Mazinde ilikuwa makao ya Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai aliyeitawala Usambara kutoka Vugha. Semboja hakuvutwa na vilele kama wazee wake. Alikaa chini, penye njia ya misafara iliyopita bonde la Pangani, akajipatia nguo, baruti na bunduki. Kimweri alipokufa, yapata mwaka 1862, watoto na wajukuu wake waligombania nchi, na katika vita vile watu wengi walikamatwa wakauzwa pwani. Siku zile mtu aliyeonekana njiani peke yake alikuwa mali iliyoanguka; aliyemwokota alimfunga kamba. Mama aliyemwambia mwanawe asitembee peke yake hakumnyima furaha, alimwokoa na soko la Pangani. Onyo lile lilikuwa hekima. Lakini hekima ina sababu, na sababu ikiondoka, kinachobaki ni mazoea yaliyovaa nguo za hekima. Kamba imekatika zamani. Mbuzi angali akizunguka mti.

Jambo la ajabu ni kuwa watu hawa hawa waliofundishwa kuogopa safari ya mmoja husimulia kwa fahari habari ya mgeni mmoja. Abdallah bin Hemedi aliyeandika Habari za Wakilindi ameeleza jinsi Mbega, mwindaji wa Nguu, alivyokataliwa na ndugu zake kwa kuwa alikuwa kigego, akatoka kwao na mbwa wake, akaingia Usambara asiko na ukoo wala mwenyeji, akawagawia watu nyama ya nguruwe aliowaua, hata wakampenda wakamtawaza. Ufalme wote wa Vugha ulitoka katika miguu ya mtu ambaye, kama angeulizwa siku ile alikuwa akienda kwa nani, asingekuwa na jina la kutaja.

Mpinzani atasema kuwa Mbega hakwenda kutembea, alifukuzwa. Hapana budi kukubali, na katika kukubali huko ndimo ilimo siri ya jambo lote. Jamii yawajua sana wasafiri wa namna tatu: aliyefukuzwa, aliyetumwa na aliyeitwa. Wa kwanza huonewa huruma, wa pili huheshimiwa, wa tatu hupokewa. Msafiri wa nne, yaani yule aliyetaka tu, hana jina wala kiti. Watu humsukuma aingie katika moja la makundi yale matatu. Akikataa, humhesabu kuwa amefukuzwa na akili zake mwenyewe.

Na huyo aliyetumwa ametendewa nini? Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, nao ni miche 62 tu iliyofika hai. Lakini miche ile ilizaa mashamba yaliyofunika nyika za Tanga, na Mazinde ikiwamo. Mashamba yalitaka mikono. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, jina ambalo Wajerumani waliipa Lushoto, iliwekwa kanuni ya kadi za kazi, na mwanamume wa Usambara alilazimishwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Baadaye, chini ya Waingereza, walikuja manamba kutoka Uha, Ungoni, Urundi na kwingineko, wengi wao wakiacha nyuma mke, mama na mtoto, wakilala katika kambi za watu wasiojuana lugha. Mtu aliitwa kwa nambari, akapewa kipande, akakata majani ya miiba mpaka kipande kikajaa. Safari ile ilikuwa ya upweke kuliko zote zilizopata kufanywa katika bonde hili. Wala hapana aliyemwuliza namba anakwenda kwa nani. Ilijulikana: anakwenda kwa bwana shamba.

Hapo mizani yaonekana ilivyopotoka. Mtu alipotengwa na watu wake miaka miwili kwa faida ya mwingine, jambo lile liliitwa kazi, na jamii ilivumilia. Mjukuu wake akijitenga siku tano kwa faida ya nafsi yake, jambo hili laitwa kiburi, na jamii yakereka. Basi kinachochukiwa si upweke. Kinachochukiwa ni upweke usio na bwana.

Shitaka la uchoyo lina sauti kubwa kuliko mengine, kwa maana husema kwa jina la udugu. Neno likizo, ambalo wazee walilita livu, katika desturi lilikuwa na maana moja: kurudi kwao. Mtumishi wa Tanga au Dar es Salaam alifunga sanduku, akanunua kanga za mama, shati la baba, sukari ya majirani, akaenda kijijini. Huko alikuta ukuta umeanguka, akaujenga. Alikuta kesi ya mpaka wa shamba, akaisikiliza. Alikuta karo haijalipwa, akalipa. Alikuta msiba, akakesha. Siku ya 28 alirudi kazini mkono mtupu na mgongo ukimwuma, akaulizwa na wenziwe kama amepumzika vema. Hapana ubaya katika wajibu huo, na mtu aukataaye kabisa hastahili kutetewa. Ubaya uko katika kuuita kwa jina lisilo lake. Kujenga ukuta ni kazi njema, lakini ni kazi. Mtu aliyebadilisha jembe hajalala.

Mwalimu Nyerere, katika insha yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa, aliitumia mithali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kuonyesha kuwa katika jamii ya asili kila mtu alikuwa mfanyakazi na hapana aliyeishi kwa jasho la mwenziwe. Mithali hiyo hutupiwa mwenda peke yake kama jiwe, lakini jiwe hilo lampiga mwingine. Mwenda peke yake amelishika jembe miezi kumi na moja. Haji kula chungu cha jamaa; anakuja na fedha yake. Hulipa chumba, hulipa chai, hununua peasi na matunda damu kwa mama aketiye kando ya barabara ya Soni, humlipa kijana amwongozaye katika msitu wa Magamba. Mama yule hajui ukoo wa msafiri, lakini jioni hurudi nyumbani na unga. Ikiwa udugu ni kufaana, basi kufaana huko ni udugu, hata kama hapana mazungumzo ya nasaba.

Shitaka la ugonjwa wa moyo husemwa na watu wanaosahau mafundisho yao wenyewe. Mwislamu ajua kuwa Mtume, kabla ya kushukiwa na wahyi, alizoea kujitenga katika pango la Hira juu ya mlima. Na kila Ramadhani, kumi la mwisho, waumini hukaa itikafu misikitini wakiacha nyumba na maduka yao. Mkristo asoma kuwa Yesu aliwaacha wanafunzi wake akapanda mlimani peke yake kusali. Na watawa na walei huenda mafungo hata leo. Wala hapana aliyesema kuwa hao waliwachukia watu. Ilifahamika kuwa kisima kichotwacho usiku na mchana bila kupumzika hutoa tope, na kuwa mtu hujitenga ili arudi na maji. Kwa nini lifahamikalo msikitini na kanisani lisifahamike juu ya jabali la Irente?

Yawezekana kujibiwa kuwa wale walikwenda kuabudu na huyu anakwenda kutazama mabonde. Jibu hilo lingekuwa na nguvu kama lingetumika kwa wote. Wajerumani walipanda Wilhelmstal kukimbia joto la pwani. Magavana wa Kiingereza waliokuja baada yao walikuwa na nyumba ya mapumziko huko huko Lushoto. Watoto wa nchi waliwabebea masanduku wala hawakuwaita wagonjwa. Hata leo kijana wa Ulaya apitaye peke yake na mzigo mgongoni, toka Lushoto mpaka Mtae, huitwa mtalii, husalimiwa na watoto, huchorewa ramani. Kijana wa Morogoro afuataye njia ile ile, siku ile ile, kwa mzigo ule ule, huitwa mtoro. Kama kutembea peke yake ni wazimu, basi ni wazimu kwa wote wawili. Na kama ni elimu, haiwezi kuwa elimu kwa ngozi moja na aibu kwa nyingine. Milima hii ilikuwa ya Wasambaa kabla ya kuwa ya watalii, na ni msiba mtu kuogopa kuwa mgeni katika nchi yake mwenyewe kuliko mgeni halisi.

Mashitaka hayo hubadilika kwa umri wa mshitakiwa, na mabadiliko yake yafundisha. Akiwa kijana, husemwa kuwa anatafuta uhuni. Akiwa wa makamo, husemwa kuwa ameikimbia nyumba. Akiwa mzee aliyestaafu na miaka yake 60, husemwa kuwa watoto wamemtupa, na wale watoto hupigiwa simu wajieleze. Kijana angoje aoe. Aliyeoa angoje wanawe wakue. Ambaye wanawe wamekua angoje astaafu. Aliyestaafu aambiwa magoti hayafai tena kupanda milima. Hapana umri ulioruhusiwa. Mashitaka yabadilikapo na hukumu isibadilike, mwenye akili hutambua kuwa hukumu ilitangulia mashitaka.

Kwa mwanamke kufuli hilo hufungwa mara mbili. Mzazi ampandishaye garini binti wa miaka 14 na sanduku lake, aende bweni la shule ya St. Mary's kule Mazinde Juu, husifiwa kuwa mzazi bora, na kwa haki. Binti yule hujifunza hesabu, hupanga nguo zake, huhesabu nauli yake, hurudi nyumbani akiwa mtu anayejua njia. Baada ya miaka 20 amekuwa mhasibu au mganga, anaongoza ofisi ya watu wengi. Siku anaposema kuwa atakwenda milima ile ile kwa siku nne bila mtu, huambiwa kuwa hawezi kujilinda. Basi ni elimu gani hiyo impunguziayo mtu uwezo wa kupanda gari?

Wako wazuiao kwa hoja ya dini, nao wastahili kusikilizwa kwa adabu kuliko wazuiao kwa minong'ono. Maulamaa wamelijadili sana jambo la mwanamke kusafiri bila maharimu. Wako waliokataza, na wako walioruhusu ikiwa njia ina amani au penye wenzi waaminifu. Mwaka 2022 Waziri wa Hija wa Saudi Arabia alitangaza kuwa mwanamke aweza kwenda Hija bila maharimu. Kila muumini ana wajibu wa kumwuliza mwanachuoni wake na kufuata dhamiri yake. Lakini umbea wa stendi si fatwa, na jicho la mwenye nyumba ya wageni si kadhi. Afichaye mazoea yake chini ya kanzu ya dini huidhulumu dini kwanza, kisha mwanamke.

Laja shitaka la nne, la hatari, nalo ndilo la kweli kuliko yote. Majabali hayana huruma kwa mgeni asiyejua njia. Ukungu wa Magamba waweza kumpoteza mtu adhuhuri. Na wako watu wabaya kila mahali. Mwenda peke yake asiye na tahadhari ni mpumbavu, na insha hii haimtetei mpumbavu. Yampasa amwambie mtu mmoja amwaminiye mahali atakapolala, achukue kiongozi mwenyeji katika njia asizozijua, asiingie msituni jua likizama, na asijione bora kuliko watu wa kijiji kwa sababu ana chumba cha kulipia. Amsalimu mzee kabla ya mzee kumsalimu. Mithali ya kale husema kuwa msafiri ni maskini ajapokuwa sultani, na maskini mwenye adabu hufunguliwa milango ambayo tajiri mwenye kiburi huipiga bure.

Lakini hatari yadai ulinzi, haidai kifungo. Mwizi akiingia sokoni hufungwa mwizi, halifungwi soko. Msichana akitukanwa njiani, dawa ni kumkamata mtukanaji, si kumwambia msichana kuwa njia haikuumbwa kwa ajili yake. Jamii itumiayo nguvu zake zote kumzuia mtu mwema asitoke, na isiyotumia hata nusu ya nguvu hizo kumzuia mtu mbaya asidhuru, imekosea mlango wa kuweka mlinzi.

Sheria za nchi zimetangulia mazoea ya watu. Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 24, lilitaja mapumziko na likizo yenye malipo kuwa haki ya kila mtu. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 17, iliyomo kati ya haki zilizoingizwa mwaka 1984, yampa kila raia uhuru wa kwenda popote katika Jamhuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mwajiriwa siku 28 za likizo yenye malipo katika mzunguko wa mwaka. Zote tatu hazimlazimishi msafiri kutaja mwenyeji. Hata hivyo haki iliyoandikwa na kuonewa haya ni shamba lenye hati lisilolimwa. Wala isisahauliwe kuwa mkulima wa matuta ya Bumbuli, mchuuzi wa Mombo na mama wa nyumbani hawana mwajiri wa kuwaandikia siku 28. Kwao likizo ni siku wanayoiiba katika kazi, na wakiiba siku hiyo wakaenda kukaa peke yao kando ya maporomoko ya Soni, ndio wenye kustahili kuulizwa maswali machache kuliko wote.

Kiswahili kimelea mithali mbili zinazogombana. Moja husema tembea uone; ya pili husema mtembezi hula miguu yake. Wapinzani huishika ya pili kana kwamba ya kwanza haikusemwa na wazee wale wale. Wazee hawakujipinga. Walijua kuwa kuna kutembea kwa kuzurura, kunakokula miguu bila kuyalisha macho, na kuna kutembea kwa kuona. Tofauti ya mawili hayo haiko katika hesabu ya watu waliofuatana. Watu 20 waweza kupanda Irente kwa kelele, wakala, wakapiga picha, wakashuka wasijue hata jina la mji waliouona chini. Mmoja aweza kuketi pale saa tatu, akaitazama Mazinde, akaikumbuka misafara ya Semboja, akawakumbuka manamba na vipande vyao, akajiuliza yeye mwenyewe anakata majani ya shamba la nani. Mtu huyo akirudi nyumbani, watu wake hawampati amepungua.

Basi swali la garini liendelee kuulizwa, maana nchi isiyouliza wageni wake wanakwenda wapi ni nchi iliyokufa. Lakini lijifunze kupokea jibu la nne. Msafiri akisema kuwa haendi kwa mtu, anakwenda kupumzika, kondakta amwambie nauli ni kiasi gani, aliye karibu na dirisha amsogelee, na gari lipande mlima.